Mjomba, raga inamvuta mwanangu huku, magongo yanamvuta kule

Mjomba shikamoo,

Naandika nikiwa kwenye breki ya shifti ya usiku kwa hiyo unisamehe maneno yakipishana. Mimi ni mtu wa Tanga, nesi, tuko hapa Ayalandi, kaunti ya Limerick, mwaka wa kumi sasa, mume wangu Mkenya wa Kakamega, tuna watoto watatu na huyu ninayekuandikia habari zake ndo kifungua mimba, ana miaka 16, kashampita baba yake urefu na anakula kama watu wanne.

Tulivyofika alikuwa na miaka sita, Kiingereza cha kubahatisha, kila asubuhi analia hataki shule. Jirani yetu mzee mmoja mkulima, sasa hivi yuko sabini na kitu, siku moja akaja mlangoni na gongo dogo la halingi, huu mchezo wa magongo wa Kiayalandi (gongo la kuchezea jamani, maana nilivyompigia mama simu nikamwambia mzungu kamletea mjukuu wako gongo, nusu azimie), akamchukua mtoto mpaka uwanja wa parokia na kuanzia hapo kilio kikaisha. Yaani Mjomba watu wa ile klabu ndo ndugu zetu hapa. Huyu wangu wa mwisho alivyozaliwa kabla ya siku zake tukalazwa, walileta chakula nyumbani kwa zamu wiki tatu, viazi vya kuponda, viazi vya kuoka, viazi sijui vya nini, na hatukumwomba mtu.

Sasa, miaka mitatu iliyopita mume wangu akampeleka klabu ya raga mjini, si unajua kwao Kakamega raga ni kama dini, na mtoto akaipenda. Kumbe kule kudaka mipira ya juu alikokuzoea kwenye magongo kunamsaidia, wakamweka fulbeki, yule wa nyuma kabisa, na mwaka huu kaitwa kikosi cha vijana cha mkoa, Munster. Hajamaliza wiki, kaunti nayo ikamwita kikosi cha vijana cha halingi. Watu wanatupa hongera kila kona, mimi ndo silali.

Jumanne raga, Jumatano magongo ya kaunti, Alhamisi raga tena, Ijumaa gym, Jumamosi magongo, Jumapili mechi ya yeyote aliyewahi. Juzi nimemkuta kalala sebuleni na viatu vya matope, daftari la hesabu liko kifuani. Goti linamuuma ila ukimuuliza haliumi. Na Jumamosi ijayo ndo balaa lenyewe, raga wana kambi ya siku nzima, kaunti wana mechi ya majaribio, saa zilezile. Kocha mmoja wa magongo katuma meseji kwenye grupu, hakutaja jina ila kila mtu kajua, kwamba asiyefika Jumamosi arudishe jezi. Na kocha mmoja wa raga kanisimamisha getini, kwa upole kabisa, akaniambia kijana wa aina hii asipoteze muda kwenye mchezo usiolipa.

Baba yake anasema hapo hakuna kikao, raga inalipa, magongo hawalipwi hata senti, mtu anacheza Jumapili mbele ya watu elfu themanini halafu Jumatatu asubuhi yuko darasani anafundisha, huo si ujinga? Mimi namwambia hawa watu ndo walitupokea. Tumefika mahali mezani ni vijiko tu vinaongea. Mtoto nikimuuliza ananijibu "lolote tu mama" huku macho yako kwenye simu. Na yule mzee jirani nimeanza kumkwepa kanisani, naogopa ataniuliza.

Wewe umekaa nchi hii muda mrefu Mjomba. Nimwachishe lipi?

Mama Kifungua Mimba, Limerick

---

Marahaba mwanangu, na pole na shifti.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nimesimama kwenye sentensi moja uliyoipita haraka kama vile haina uzito, ya lile goti. Tutaifikia.

Kwanza ujue ugomvi uliokuangukia hapo getini umeanza kabla babu zetu hawajazaliwa. Chama cha GAA, ndo hicho chenye halingi, kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 kwenye hoteli moja pale Thurles, Tipperary, nia ikiwa kuinua michezo ya Kiayalandi isimezwe na ya Waingereza, na mwenye wazo hilo, Michael Cusack, mwenyewe alikuwa kacheza raga! Baadaye wakaweka marufuku, mwanachama akicheza raga au soka au hata akienda tu kutazama anatolewa. Mwaka 1938 walimvua ulezi wa chama Douglas Hyde kwa kwenda kutazama mechi ya soka, na huyo Hyde alikuwa Rais wa nchi. Rais, mwanangu. Marufuku haikufutwa mpaka 1971. Kuna bwana wa Kerry anaitwa Moss Keane, mchezaji wa futiboli ya Kigaeli (ule mpira wa Kiayalandi unaodakwa kwa mikono na kupigwa teke, nao ni wa GAA), mara ya kwanza kucheza raga chuoni ilibidi ajiandikishe kwa jina la uongo, Moss Fenton, wasimjue. Akaja kuichezea Ayalandi mechi 51. Kijiji chake Currow ni kadogo hata basi langu lingepata shida kugeuza, na bado kametoa wachezaji kadhaa wa raga wa taifa akiwemo Mick Galwey, ambaye mwaka 1986 alikuwa kwenye kikosi cha Kerry kilichochukua ubingwa wa futiboli ya Kigaeli na mwaka 1993 akasafiri na Lions, timu ya raga ya pamoja ya Uingereza na Ayalandi. Kwa hiyo huyo anayetuma meseji za "arudishe jezi" anaongea kwa sauti ya marehemu fulani, sheria ilishakufa zaidi ya miaka hamsini, yeye bado anailindia kaburi.

Lakini usimchukie, maana hofu yake ina sababu. Kisiwa hiki kizima, kusini na kaskazini, ni watu kama milioni saba, ukitoa wazee na watoto na wanaopenda soka, unabaki na vijana wangapi warefu, wenye mbio, wanaodaka mpira bila kufumba macho? Hao hao raga inawataka, futiboli ya Kigaeli inawataka, halingi inawataka, na siku hizi hata Waaustralia wanakuja kuwachukua kwa AFL, ligi ya futiboli yao ya Kiaustralia, uliza watu wa Laois na Kerry, Zach Tuohy na Mark O'Connor walikuwa kwenye timu ya Geelong iliyobeba ubingwa wa kule 2022. Mtu wa parokia anamlea kijana kuanzia miaka sita bila kulipwa, ananunua helmeti, anapaka mistari uwanja kwa mkono wake, halafu kijana akifika 17 linakuja gari la mkoa lenye nembo linambeba. Wewe ungekuwa yeye usingenuna?

Na raga nayo ina njaa yake. Huku mkoa wa Leinster ninakoishi wanavuna kwenye shule za karo za Dublin, ukitazama timu ya taifa utadhani ni mahafali ya shule nne tano. Nje ya hapo inabidi watafute, ndo maana unaona Bundee Aki, James Lowe, Jamison Gibson-Park, wote wazaliwa wa New Zealand, wamevaa jezi ya kijani na wanaivaa vizuri tu. Sasa kijana wa klabu ya kawaida kutoka nje ya Dublin, anayedaka mipira ya juu, kwao huyo ni kama kuokota pochi. Na wanajua kabisa pochi imedondoka wapi. Rob Kearney, yule fulbeki aliyekuwa anapaa, alicheza futiboli ya vijana ya kaunti ya Louth. Tommy Bowe, Monaghan. Robbie Henshaw, Westmeath. Tadhg Furlong yule wa skramu, hilo jitu, amekulia kwenye halingi na futiboli Wexford. Darren Sweetnam alishaanza kuichezea Cork halingi ya wakubwa ndo Munster wakamchukua, 2017 akavaa jezi ya Ayalandi. Hata lile teke la kupandisha mpira mawinguni, ambalo mwanao ndo kazi yake kulidaka, linaitwa garryowen kwa jina la klabu ya hapohapo Limerick.

Mimi nilikuwa nimeanza kuendesha basi Dublin mwaka 2007, uwanja wa raga wa Lansdowne Road unajengwa upya, GAA wakakubali baada ya mabishano ya miaka kuifungulia raga Croke Park, uwanja wao mkuu. Tarehe 24 Februari wakaja Waingereza. Uwanja ule ule ambao mwaka 1920 askari wa Waingereza waliua watu 14 wakiwa kwenye mechi. Abiria wangu siku hiyo walikuwa kimya kama wanaenda msibani, wakati wa kurudi basi lilikuwa linatikisika, Ayalandi 43 kwa 13. Na trai (bao la raga la kuuweka mpira chini mwisho wa uwanja) wanayoiongelea mpaka leo ni ya Shane Horgan, Ronan O'Gara kapiga teke la kukatisha uwanja na Horgan karuka akaudaka juu ya kichwa cha mtu, udakaji wa futiboli ya Kigaeli mtupu, maana ujanani aliichezea Meath. Kwa hiyo yule kocha wa getini anayesema magongo ni kupoteza muda, mwambie kwa upole uleule alioutumia yeye, kwamba hiyo mikono anayoitamani imetengenezwa wapi.

Sasa tuje kwa shemeji wa Kakamega. Bwana, nakuheshimu, na ni kweli raga hapa ni kazi ya mshahara tangu 1995, wakubwa wanalipwa na chama chenyewe, IRFU. Lakini timu za kulipwa ni nne tu kisiwa kizima, Leinster, Munster, Ulster na Connacht, nne! Kutoka kikosi cha vijana cha mkoa mpaka akademi wanachujwa, na akademini kwenyewe malipo ni ya kujikimu, kutoka hapo mpaka mkataba wa kweli wanachujwa tena, na katikati hapo goti moja linamaliza hadithi. Wewe mtu wa raga ya saba kila upande, unakumbuka Kenya ilivyochukua Singapore 2016 watu wakalia barabarani, basi hapa mwaka 2025 IRFU walitangaza kuifunga kabisa programu ya wanaume ya saba saba. Vijana wazima, wachezaji wa Olimpiki. Hata mtaalamu mwenzake mkeo, Linda Djougang mzaliwa wa Cameroon, prop, yule wa mstari wa mbele wa skramu, wa timu ya taifa ya wanawake, amesomea na kufanya unesi Dublin huku anaichezea Ayalandi. Kwa hiyo raga kulipa inalipa, ila ukimtoa mtoto parokiani kwa sababu ya mshahara ambao hata yeye hajauona hiyo inakuwa bahati nasibu, na tiketi ni mwili wake.

Na kuhusu mtu kucheza Jumapili mbele ya 82,000 akafundisha Jumatatu, mimi nilianza kama wewe nikiona ni ujinga. Siku hizi naona tofauti. Huyo mwalimu hauzwi. Hakuna klabu tajiri ya kuja kumnunua, anacheza kwa alipokulia, posho yake ni mafuta ya gari na ruzuku kidogo ya serikali, na akifungua duka kesho parokia nzima inanunua kwake. Limerick walivyochukua halingi 2018 baada ya kungoja miaka 45, kisha wakachukua mara nne mfululizo 2020 mpaka 2023, nani aliyekuwa na haja ya kuwauliza wanalipwa nini? Wewe ulikuwepo hapo mwanangu, mimi naiona kwenye TV tu.

Ila na wewe usifikiri umepona. Unasema "hawa watu walitupokea" kana kwamba kuna deni na mtoto ndo atatumika kulilipa. Mtoto si malipo ya viazi. Waliokuletea sufuria wiki tatu hawakuwa wanaweka akiba ya fulbeki. Kama unataka kulipa fadhila, klabu zile kila mwaka zinalilia mtu wa huduma ya kwanza pembeni ya uwanja, nawe ni nesi, hapo deni limekwisha na mtoto hajaguswa. Na kama hofu yako ya chini kabisa ni kwamba akiacha gongo atarudi kuwa mgeni (maana nimeisikia hiyo hofu humo ndani hata kama hukuiandika), basi tazama Seán Óg Ó hAilpín, mama yake mtu wa Fiji, kaja hapa mtoto, mwaka 2005 ndo nahodha aliyeipandisha Cork jukwaani kupokea kombe la halingi na akatoa hotuba yake yote kwa Kiayalandi. Tazama Robert Baloucoune wa Enniskillen, baba Msenegali, winga wa raga wa Ulster na Ayalandi. Uenyeji umeingia kwa milango yote miwili.

Haya, goti.

Mwanangu wewe ni nesi. Angekuwa mgonjwa wako, kijana wa miaka 16 aliyerefuka ghafla, anafanya mazoezi siku sita, analala na viatu, goti linauma na analificha, ungemwandikia nini kwenye faili? Usingeuliza aende raga au magongo. Kwa hiyo Jumamosi jibu langu ni kwamba asiende kokote. Mpeleke kwa fizio kabla ya Ijumaa, na usiku huohuo makocha wote wawili wapate meseji moja, maneno yaleyale, kwamba anapumzishwa mpaka goti liangaliwe. Isiandikwe na wewe wala baba yake, aandike mwenyewe. Utaona nani atajibu "pole kijana, anaendeleaje" na nani atajibu kuhusu jezi, na hapo utakuwa umejua mengi kuliko ninavyoweza kukwambia mimi kutoka Dublin.

Baada ya hapo ndo muwakalishe hao makocha, hata kwa simu, kila mmoja aone ratiba ya mwenzake. Nina uhakika hakuna aliyeiona, kila mtu anahesabu siku zake mbili akidhani ndo wiki nzima. Misimu yenyewe haigongani mwaka mzima, raga inaanza vuli mpaka majira ya kuchipua, magongo ya kaunti yanashika moto majira ya kuchipua mpaka kiangazi, na mechi za mikoa za raga za vijana zinakuja mwisho wa kiangazi. Msongamano ni hii miezi michache ya katikati, na hapo wakubaliane mazoezi matatu kwa wiki jumla, sio matatu kila mmoja, na siku moja asiguse mpira wa aina yoyote. Wengi wa hao vijana wa hapa niliokutajia hapo juu walibeba michezo miwili au mitatu mpaka kumaliza sekondari. Kwa hiyo kwa sasa usimwachishe lolote. Ikifika miaka 18 au 19 mchezo mmoja utamwacha wenyewe, na hapo nikwambie jambo ambalo makocha hawatakwambia, akademi ya raga ikimpita umri haimrudii, lakini klabu ya parokia hata akirudi na miaka 27 kashindwa Munster watampa jezi na kumtania tu. Ingawa halingi ni mkono, asipogusa gongo miaka saba atarudi anapiga hewa, kwa hiyo hata akiegemea raga awe anagonga kimpira ukutani jioni.

"Lolote tu mama" lisikuumize. Anajua akitaja raga wewe utalia na akitaja magongo baba yake atanuna, sasa ataje lipi? Mchukueni siku moja mkiwa kwenye gari, vijana wanaongea vizuri wakiwa hawatazamwi usoni, na baba yake akae nyuma asiseme neno mpaka mfike.

Na yule mzee. Unamkwepa bure. Mpelekee chapati, usimweleze chochote kuhusu kaunti wala mkoa, muulize tu tarehe 31 Oktoba 1978 alikuwa wapi, siku Munster walipowafunga All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, 12 kwa 0 hapo Thomond Park. Uwanja wenyewe enzi hizo ulibeba watu kama elfu kumi na mbili, lakini mimi bado sijakutana na mtu wa Limerick wa umri huo, awe wa magongo au wa nini, ambaye hakuwepo. Kaa chini kabisa, maana hiyo chai itakuwa ndefu.

Mjomba